Komando, nyonga zake na ngazi za Bwiru

Mbwa anayeumwa nyonga halii. Naanza na hilo manake wengi tunasubiri kusikia kilio ndo tuamini mnyama anaumwa, sasa mbwa mkubwa, hasa hawa tuliowalea kwa ajili ya ulinzi, anaweza kukaa na maumivu miezi na miezi huku anamaliza chakula, anatikisa mkia, usiku anabweka kama kawaida, na nyie mnaona mambo yako sawa kabisa. Kinachobadilika ni vitu vidogo sana. Anachelewa kuinuka. Akikaa anaegemea tako moja tu. Zamani gari likipiga honi getini alikuwa anafika kabla kijana hajashika komeo, siku hizi anabweka akiwa amelala palepale.

Wa kwangu anaitwa Komando, German Shepherd aliyechanganyika na mbwa wa hapahapa, kifua kipana, kichwa kikubwa, na sasa hivi ameshavuka miaka 10. Tunaishi Bwiru, na anayeijua Mwanza anaelewa maana yake, nyumba imekaa juu ya mawe, kutoka getini mpaka barazani ni ngazi za mawe, ukienda dukani unashuka ukirudi unapanda, hakuna cha tambarare. Mbwa kijana anazifurahia hizo ngazi siku nzima, lakini mbwa ambaye nyonga zimesagika kila safari ya kwenda kukojoa ni kazi, na kilima huwezi kukihamisha.

Mimi nilianza kuona kwenye hizohizo ngazi. Akawa hapandi mguu mmojammoja, anarusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja kama sungura, akifika juu anasimama kwanza anahema ndo aendelee. Ikaja ile baridi ya mwezi wa sita na wa saba, upepo unatoka ziwani alfajiri, nikawa naona akiamka anatembea amekakamaa, hatua chache za mwanzo kama miguu sio yake, alafu taratibu analainika mpaka ukimkuta saa nne unaweza kusema hana kitu. Na mwili wenyewe ukabadilika umbo, mabega yakawa yamejaa na huku nyuma kunazidi kuisha, kwa sababu alikuwa anaubeba mwili wote kwa miguu ya mbele.

Nyumbani kila mtu alikuwa na neno moja, uzee. Baba watoto akasema mama nanii huyo mbwa mzee, unataka akimbie kama wa mwaka mmoja? Mzee jirani yetu, ambaye kwao Magu wamefuga ng'ombe na mbwa wa kuchungia tangu anazaliwa, akaniambia kwa upole kabisa, mwanangu, mbwa akifika hapo unamwacha alale kivulini mpaka siku yake. Sikubishana nao, wanaongea walichokiona maishani. Ila mimi swali langu lilikuwa moja tu, huo uzee ndani yake kuna nini, manake kuna kitu kinamuuma, na kinachouma kina jina, na vingine vina dawa.

Dokta wa mifugo alikuja nyumbani. Kilichonishangaza hakuanza kumshika. Alikaa barazani, akaomba maji ya kunywa, akawa anaongea na sisi huku macho yako kwa Komando, anavyotoka kivulini, anavyogeuka, anavyotafuta pa kukaa. Baadaye sana ndo akanambia, "Mama, njoo ushike hapa." Akaniwekea mikono kwenye paja la kushoto, nikashika, alafu akaihamishia la kulia. Jamani. Macho hayaioni ile tofauti kwa sababu ya manyoya, ila paja la kushoto lilijaa mkononi na la kulia vidole vyangu vilikaribia kukutana. Nyama ilikuwa imekwisha kwa sababu ule mguu alikuwa hautumii, anauegesha tu.

Akamlaza ubavu, akaushika ule mguu wa kulia akauvuta taratibu kuelekea nyuma. Komando hakulia wala hakuunguruma. Aligeuza kichwa akaangalia mkono wa dokta, akajilamba mdomo mara mojamoja. Dokta akauachia palepale, akasema huyo ameshajibu. Tangu siku hiyo nikajua kumsoma, kujilamba bila chakula, kuhema wakati hakuna joto, kugeuza kichwa ukimgusa sehemu fulani, masikio kulala nyuma, hicho ndo kilio chake.

Kuna kitu kingine dokta alifanya ambacho nakitaja kwa wenye German Shepherd hasa. Alimsimamisha, akaukunja wayo wa mguu wa nyuma, ile sehemu ya juu ndo ikanyage chini, alafu akaangalia kama Komando atauweka sawa mwenyewe. Akaurudisha hapohapo. Akatueleza kwamba hawa mbwa wana ugonjwa mwingine wa uti wa mgongo, unawashika uzeeni, mara nyingi baada ya miaka 8, mbwa anaanza kuburuza miguu ya nyuma, kucha zinasuguka mpaka zinatoka damu, na haumwi kabisa, miguu tu haipati taarifa. Huyo ukimkunjia wayo anauacha hivyohivyo. Kwa mbali magonjwa haya yanafanana ila njia zake ni tofauti. Na akachukua damu, kwa sababu huku kwetu kupe hawaishi, na ugonjwa wa kupe unaosababishwa na kijidudu kinaitwa Ehrlichia unaweza kuvimbisha viungo na kumfanya mbwa achechemee, sasa utakaa unatibu nyonga mwaka mzima kumbe tatizo liko kwenye damu na lina dawa yake. Kama uko Kanda ya Ziwa na mbwa wako anachechemea, hiyo damu ipimwe, usikubali kuruka hiyo hatua.

Majibu ya damu yalikuwa safi, tukabaki na nyonga. Alivyotuelewesha ni kwamba kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kizame vizuri kwenye shimo lake la nyonga, sasa kwa mbwa wengi wa mbegu kubwa, German Shepherd, Labrador, Rottweiler, lile shimo linakuwa halina kina cha kutosha, mfupa unacheza humo ndani, kila hatua unasugua, miaka inavyokwenda gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, inalika, mwili nao unajaribu kujisaidia kwa kuotesha mfupa pembeni mwa kiungo, na hiyo ndo inazidi kukaza. Ni ya kurithi kwa kiasi kikubwa lakini malezi yanaiongeza au kuipunguza. Haiponi. Nilimuuliza kuhusu eksirei, akasema picha ni nzuri kujua ukubwa wa tatizo, lakini kuna mbwa picha yake inatisha na anatembea, na mwingine picha ina kidogo tu na hawezi kuinuka, kwa hiyo tunamtibu mbwa tunayemuona.

Nilitegemea atafungua begi atoe dawa. Kumbe kitu cha kwanza alichokisema ni uzito.

Hapa ndo nataka nikae kidogo, kwa sababu watu hawaamini. Mbwa mnene kwetu ni sifa, mgeni akiingia anasema huyu mnamlisha jamani, na wewe unafurahi. Dokta akanambia, mama, weka vidole kwenye mbavu zake bila kukandamiza. Nikaweka, sikuzipata, mpaka nibonyeze. Mbwa aliye sawa mbavu unazipapasa kirahisi bila kuziona kwa macho, na ukimuangalia kwa juu anakuwa na kiuno. Komando kiuno hakuwa nacho, alikuwa ameenda moja kwa moja. Tukampeleka kwenye mashine ya kusaga, tukaomba tutumie ule mzani wa kupimia magunia, akasimama juu yake kati ya madebe ya mahindi huku unga unamwangukia masikioni na watu wote wameacha kusaga wanamtazama. Kilo 46. German Shepherd dume wa kawaida yuko kati ya 30 na 40.

Dokta akatutajia utafiti wa Marekani uliotoka 2002, walichukua Labrador 48 wakawapanga wawiliwawili kutoka uzao uleule, mmoja wa kila jozi akawa anapewa chakula pungufu kwa asilimia 25 kuliko mwenzake, maisha yao yote. Wale waliokula pungufu waliishi karibu miaka 2 zaidi, na viungo vyao vilichelewa sana kuharibika. Mbwa walewale, damu ileile, tofauti ni bakuli tu. Hiyo ilimnyamazisha baba watoto ambaye ndo alikuwa anamtupia matonge ya ugali chini ya meza.

Kwa hiyo ugali tukaupunguza sana. Alikuwa anakula ugali wa dona mwingi na mchuzi juu, sasa anapewa kidogo, sahani inajazwa na mboga, maboga, maharage mabichi yaliyochemshwa, na dagaa. Bahati yetu tuko Mwanza, dagaa unaenda soko la Mwaloni Kirumba unanunua wa kutosha, na wana yale mafuta ya omega 3 ambayo yanasaidia kupunguza uvimbe kwenye viungo. Ila wale wa kuanikwa chini waoshe vizuri, mchanga unatoka mwingi kuliko unavyodhani, na usiwaunge na chumvi wala vitunguu, kitunguu kinaharibu damu ya mbwa. Na mapanki yale ya sangara, vichwa na mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, tukayaacha kabisa. Najua mbwa wengi wa mjini hapa wamekulia mapanki, ni rahisi na yananukia, lakini ile mifupa ikishapikwa ni hatari kwenye utumbo, na vichwa vile vina mafuta mengi mno kwa mbwa anayepungua.

Alishuka polepole, sio kwa wiki, kwa miezi, mpaka mzani uleule wa mashine ukasoma 39. Nasema kweli, hakuna dawa iliyonionyesha badiliko kama zile kilo. Alianza kuinuka bila kujisukuma mara mbili mbili.

La pili ni sakafu. Sebuleni tuna marumaru, zinang'aa, na zikipigwa deki mbwa mzima tu anateleza. Mbwa mwenye nyonga mbovu akiteleza miguu ya nyuma inatanuka kila mmoja upande wake na maumivu yake hayaelezeki, baada ya hapo anaogopa hiyo sehemu na ndo unamuona anazunguka ukutaukuta. Tulitandika vipande vya kapeti la zamani kutoka mlangoni mpaka anapolala, na nyuma tukagundisha uzi wa mpira ili kapeti lenyewe lisikimbie. Nywele zinazoota katikati ya vidole vyake tunazikata, na kucha pia, manake zikizidi urefu anakanyaga vibaya. Barazani amepewa godoro la sponji nene, sio gunia juu ya saruji, saruji inatoa baridi usiku kucha na inamuumiza kwenye mifupa.

Ngazi za mawe ndo zilitaka fundi. Tulimuomba atengeneze mteremko pembeni yake, kwa saruji, na nikasimama palepale kumwambia asiusawazishe kwa mwiko ukawa laini kama wanavyopenda, apitishe ufagio wa chelewa ukiwa bado mbichi ili ubaki na mikwaruzo. Akaninung'unikia kwamba kazi itaonekana ya hovyo. Ikaonekane. Mvua ikinyesha Komando anapanda bila kuteleza. Mwinuko wa mwisho karibu na geti ni mkali, hapo tunamsaidia kwa kanga, unaikunja kwa urefu, unaipitisha chini ya tumbo karibu kabisa na miguu ya nyuma, unashika ncha mbili juu ya mgongo unanyanyua kidogo tu, yeye anatembea wewe unabeba uzito. Kwa dume angalia usimbane sehemu ya kukojolea. Mwanzo alikuwa anaona aibu, anasimama, sasa hivi ukifika na kanga anasogea mwenyewe.

Watu wengi walinishauri nimpeleke ziwani aogelee, na kweli maji yanabeba mwili, kiungo kinafanya kazi bila kubeba mzigo, nchi za wenzetu wana mabwawa maalum ya mbwa kwa ajili hiyo. Lakini ziwa letu lina mamba, na wewe utakayesimama naye kwenye maji ya ukingoni penye majani na konokono unachukua kichocho. Sikumpeleka. Tulichofanya ni kutembea. Tunamshusha kwa gari mpaka barabara ya chini iliyo tambarare, asubuhi kabla jua halijakaa na jioni tena, dakika 10 mpaka 15, mwendo wake, na kamba fupi asirukie mbuzi za watu. Kila siku, hata siku ambayo naona hana hamu, napunguza tu urefu. Kumfungia apumzike wiki nzima alafu Jumapili umtoe mkatembee Capri Point masaa mawili mfululizo ndo kumuua, misuli inaisha wiki nzima na Jumapili unaitaka ifanye kazi.

Sasa dawa, na hapa naomba usome vizuri. Usimpe mbwa dawa zako za maumivu. Diklofenaki, ibuprofeni, zile ambazo kila nyumba inazo kwenye droo, kwa mbwa zinatoboa tumbo na kuharibu figo, na paracetamol nayo inaweza kumuharibu ini. Mbwa wa jirani wa rafiki yangu alipewa ibuprofeni kwa nia njema kabisa, akaanza kutapika damu, hakupona. Dokta wetu anampa Komando meloksikamu kwa vipindi, siku ya kwanza miligramu 0.2 kwa kila kilo, baada ya hapo 0.1 mara moja kwa siku, baada ya chakula. Piga hesabu, mbwa wa kilo 39 anahitaji karibu miligramu 4, wakati kidonge cha binadamu cha duka la dawa ni 7.5 au 15, kwa hiyo hata jina likiwa lilelile ukijipimia mwenyewe unamzidishia. Na isichanganywe na dawa nyingine ya maumivu wala na steroidi. Tunaangalia kinyesi, kikiwa cheusi kama lami, au akatapika, au akagoma kula, dawa inasimama na dokta anapigiwa simu siku hiyohiyo. Damu ya ini na figo inarudiwa mara kwa mara.

Zile poda za glukosamini zinazouzwa kwa ajili ya viungo tulizijaribu, ni ghali, na mimi sikuona kitu. Kuna wanaozisifia. Hela hiyo mimi naiweka kwenye dagaa na sponji.

Asubuhi za baridi najaza maji ya moto kwenye chupa, naifunga na taulo, naiweka kwenye paja na nyonga kabla hajainuka huku namkanda taratibu, sio kwenye kiungo chenyewe, kwenye nyama inayozunguka. Ni kazi ya muda wa kuchemsha chai. Kijana wetu wa nyumbani ndo amekuwa fundi wa hilo, na Komando akimuona na ile chupa anajilaza ubavu wa kushoto bila kuambiwa.

Kwa mnaonunua watoto wa mbwa wakubwa sasa hivi, mkiahidiwa kifua na mifupa minene, ombeni kuona mama na baba wanatembea, wanapanda ngazi, wanaamka kutoka chini. Marekani kuna taasisi inaitwa OFA, tangu 1966 inapima nyonga za mbwa kwa eksirei ili mwenye nyonga mbovu asizalishwe, huku kwetu kipimo chako ni macho yako. Na msimpe mtoto wa mbwa mkubwa kalsiamu ya ziada wala kumshindilia chakula ili akue haraka, mifupa ikikua kwa pupa viungo vinakaa vibaya, hilo limethibitishwa kwa mbwa wa mbegu kubwa muda mrefu.

Tumeongea na dokta pia kuhusu mwisho, na nilitaka tuongee mapema wakati akili zetu zimetulia. Kalenda ya ukutani jikoni tunaweka alama, siku nzuri na siku mbaya. Siku nzuri ameinuka mwenyewe, amekula, ameenda kujisaidia bila kujichafua, amekuja kumpokea mtu. Tumekubaliana kwamba mwezi ambao siku mbaya zitazidi nzuri, na dawa imeshapandishwa mpaka pale inaporuhusiwa, dokta atakuja kwenye baraza hili hili kumchoma sindano ya kumpumzisha, hatasafirishwa kwenda popote na hatafungiwa nje asubiri. Baba watoto ndo anaweka alama za jioni, mimi za asubuhi, na tukitofautiana tunaandika mbaya.

Mpaka sasa nzuri ni nyingi. Masika yakikaribia godoro linahamia stoo ambako upepo wa ziwani haufiki, na fundi ameahidi kuja kuongeza mikwaruzo kwenye mteremko, sehemu ya katikati imeanza kulika.